Tabasamu ni Sadaka: Je, Uso Uliofungika Utatoa Nini?

Ndugu msomaji, hapana hata mmoja wetu aliyepitia chuoni ambaye hakufundishwa kwamba kutabasamu mbele ya uso wa ndugu yako ni sadaka. Ni hadithi mashuhuri, aliyoipokea Abu Dharr, na Imamu Tirmidhi akaiweka katika kitabu chake. Sisi tuliokuwa watoto wa maskini tuliipenda sana, kwa sababu ilikuwa sadaka isiyotaka senti. Tajiri atoe ng'ombe, na mimi nitoe meno yangu, na wote wawili tuandikiwe.

Lakini kuna swali ambalo hadithi hiyo humwachia mtu akikaa akaliwaza. Je, yule ambaye uso wake hautabasamu? Sisemi mwenye kiburi, wala mwenye kununa. Nasema yule ambaye moyo wake unataka na midomo yake haitii. Huyo amefungiwa mlango wa sadaka ambao kila mtoto mchanga amefunguliwa?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Nililikuta Musanda.

Wasomaji wa Pwani huenda wakauliza, Musanda ndiyo wapi? Ni upande wa Mumias, katika Kakamega, nchi ya Wawanga, na njia nzima ni miwa kulia na miwa kushoto, ingawa kiwanda kikubwa cha Mumias, kilichoanza kutoa sukari mwaka 1973, kilianguka kwa madeni hata mwaka 2019 kikatiwa mikononi mwa mrasimu. Wala si ugenini kwetu kama inavyodhaniwa. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walifika huko tangu karne ya 19, wakapokewa katika mji wa Nabongo, na Nabongo Mumia mwenyewe, aliyetawala tangu mwaka 1882 na kufa mwaka 1949, alisilimu. Mpaka leo ukipita Mumias utasikia adhana, na utakutana na wazee wa kofia ambao Kiswahili chao hukuwezi kukicheka.

Huko ninaye sahibu yangu wa tangu ujana, mtu wa Pwani aliyeoa Mwanga akahamia kwa wakwe. Jina lake nalisitiri. Mimi humwita Maalim, na huko pia humwita hivyo. Asubuhi anauza dukani: sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya kipande. Jioni anasomesha watoto Kurani barazani. Na kama kuna kitu kilichomtambulisha Maalim, basi ni uso wake mkunjufu. Mtu akija kununua kibiriti huondoka kama aliyealikwa karamuni.

Asubuhi moja aliamka kutawadha. Akatia maji kinywani kusukutua, maji yakamwagika yenyewe kwa pembe ya mdomo. Akadhani ni usingizi. Akatia tena, yakamwagika tena. Alipojitazama kwenye kioo aliona uso wa watu wawili: upande wa kulia ni wake, na upande wa kushoto umelala kama nguo iliyoanguka kambani. Jicho la kushoto halifumbi. Kipaji cha upande huo hakikunjiki. Akijaribu kutabasamu, mdomo wavutwa wote kulia, na sura inayotoka si ya tabasamu bali ya mtu anayebeza.

Majirani walisema ni upepo mbaya. Wengine wakasema amepigwa kofi na jini. Wengine wakanong'ona husuda ya biashara. Akanywa kombe, akasomewa, akapakwa mafuta, siku kumi zikapita. Na katika siku hizo lililomuuma halikuwa jicho. Watoto wa chuoni waliacha kumkaribia; mmoja alilia. Mteja mmoja aliondoka na hasira akisema, "Maalim siku hizi atucheka sisi wakata miwa." Basi Maalim akajifungia chumba cha nyuma, duka akamwachia mkewe. Nilipofika kumjulia hali alinisalimu huku amejifunika kilemba nusu ya uso, akaniambia neno moja: "Ndugu yangu, mimi nilikuwa na sadaka moja tu, nayo nimenyang'anywa."

Neno hilo ndilo lililonifanya nizungumze na matabibu na kupekua yale ambayo wataalamu wameandika juu ya uso wa mwanadamu. Nawaletea nilichokiokota.

Kwanza, uso umeumbwaje? Misuli mingi ya mwili imeshikana na mifupa ili kuinyanyua na kuikunja. Misuli ya uso ina jambo lake: mingi imeshikana na ngozi, ndiyo maana ngozi ya uso husema. Tabasamu hasa ni kazi ya misuli miwili. Mmoja watoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo, na ukijikunja huivuta pembe hiyo juu. Wa pili ni wa duara, umelizunguka jicho, na ukijikunja hunyanyua shavu na kutia mikunjo midogo kwenye kona ya jicho. Misuli hiyo yote, kila upande kwa wake, huamrishwa na mshipa mmoja wa fahamu, ambao matabibu huuhesabu wa saba katika mishipa itokayo kichwani. Mshipa huu hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio. Ukivimba humo hauna pa kupanukia. Hubanwa, na amri hazipiti. Ndipo upande mzima hulala.

Maradhi haya Wazungu huyaita kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Kiskoti aliyeeleza habari za mshipa huo mwaka 1821. Lakini Waarabu waliyajua zamani kwa jina la lakwa. Abubakar al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki yapata mwaka 925, aliyaandika katika mkusanyo wake al-Hawi, na akapambanua kati ya uso uliopinda kwa ugonjwa wa mshipa wenyewe na uso uliopinda kwa ugonjwa wa ubongo. Ibn Sina naye akayazungumza. Basi miaka elfu nyuma wanazuoni wetu walikuwa wakiutibu uso uliopinda kama maradhi yenye sababu zake mwilini, na sisi leo twasema ni kofi la jini!

Sisemi dua isisomwe. Dua ni silaha ya Muumini. Lakini ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu hutawakali. Maradhi haya yana dawa ya vidonge, prednisoloni, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na siku kumi za kombe zilikuwa zimeshapita. Na kuna hatari nyingine: uso kupinda ghafla huweza kuwa kiharusi, yaani ubongo wenyewe umepatwa. Katika kiharusi aghalabu kipaji bado hukunjika, na mara nyingi mkono hulegea na maneno hukorogeka. Lakini usikae nyumbani ukijipima kwa kioo, ndugu yangu. Nenda hospitali saa ile ile, akupime anayejua. Na jicho lisilofumba lilindwe lisikauke, kwa dawa ya matone mchana na kufunikwa usiku, maana mdomo uliopinda ni aibu ya siku chache, bali jicho likiharibika ni hasara ya umri.

Daktari alimwambia Maalim kwamba wenye maradhi haya, wapata saba katika kumi, hupona kabisa hata bila dawa, baada ya majuma au miezi. Hilo lilimpa pumzi. Lakini swali lake la sadaka daktari hakulijibu, wala si kazi yake. Kwa hilo yatupasa tuulize: tabasamu lenyewe ni nini, na ni la nani?

Mwaka 1862 tabibu mmoja wa Kifaransa, Duchenne, alitoa kitabu chenye picha za ajabu. Alimchukua mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa na ganzi, akamgusisha umeme mdogo msuli baada ya msuli, akampiga picha. Aligundua kwamba msuli wa mdomo huweza kuamrishwa na mtu apendapo, lakini ule wa jicho aliuona hautii ila furaha ya kweli. Darwin, Mwingereza, alizitumia picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna watu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao. Tangu hapo ikawa mtu husema: tabasamu la kweli litazame machoni. Sisi Waswahili nasi tunajua tofauti ya kutabasamu na kukenua.

Hata hivyo wataalamu wa karibuni wameonya kwamba watu wengi huweza kuukunja hata ule msuli wa jicho kwa makusudi. Basi jicho ni shahidi, lakini si kadhi.

Jambo moja lilinishangaza zaidi. Amri ya tabasamu la kusudi na amri ya tabasamu la furaha hazipiti njia moja ndani ya ubongo. Wapo wagonjwa wa kiharusi ambao daktari akiwaambia "tabasamu" mdomo hupinda, lakini wakisikia jambo la kuchekesha uso mzima hufunguka sawasawa. Ubongo umewekewa milango miwili, mmoja wa adabu na mmoja wa moyo.

Sasa, ni la nani? Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Kimarekani, Kraut na Johnston, walichapisha uchunguzi walioufanya mahali panapochezwa mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi. Mtu akiviangusha vyote bila shaka hufurahi. Lakini walipomtazama usoni wakati bado amevikabili vigingi, mara chache alitabasamu. Alipogeuka kuwatazama wenziwe, ndipo tabasamu likatoka. Furaha ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni uso wa mwenzake.

Msomaji, simama hapo kidogo. Hadithi tuliyofundishwa haikusema tu kwamba kutabasamu ni sadaka. Imesema kutabasamu mbele ya uso wa ndugu yako. Sadaka sharti iwe na mpokeaji, na hao wa tufe wametuonyesha kwamba hata katika desturi ya mwili, tabasamu humtafuta mpokeaji kabla ya kutoka.

Wala halifundishwi kwa kutazama wengine. Mtoto mchanga huanza kumtabasamia mtu baada ya majuma sita au manane, kabla hajajua lolote. Katika michezo ya mwaka 2004 huko Athens, wachezaji wa judo waliozaliwa vipofu walipigwa picha baada ya kushinda na kushindwa, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyuso zao hutabasamu kama za wenye macho. Hata yule aliyeikosa dhahabu alitoa lile tabasamu la mdomo tu, la kufunika uchungu. Hakuliona kwa yeyote. Amezaliwa nalo.

Lakini maana yake si moja kila mahali. Sokwe wa nchi zetu, waliochunguzwa miaka mingi kule Gombe, Kigoma, wana namna ya kuonyesha meno wakiogopa mkubwa wao, kama wasemao "sitaki ugomvi". Na wana uso mwingine wa kinywa wazi wakati wa mchezo. Wahadza wa pande za ziwa Eyasi, Tanzania, walioonyeshwa picha za nyuso katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, walipambanua uso wa jambo jema na uso wa jambo baya, lakini hawakuzigawa hisia zile kwa majina kama wageni walivyotazamia. Na kicheko nacho si furaha siku zote. Tarehe 30 Januari, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza, mambo yakaenea hata wakapatwa 95 katika 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakuona sumu wala kijidudu. Waliona hofu na dhiki iliyotokea kwa mlango wa kicheko. Meno yalikuwa nje na moyo ulikuwa ukilia.

Kwa hiyo uso ni barua, lakini mwandiko wake wataka kusomwa kwa insafu. Mteja aliyekasirika dukani kwa Maalim alisoma dharau mahali palipoandikwa ugonjwa. Ni wangapi tunaowasoma vivyo hivyo? Tumemwita mtu mwenye kiburi, kumbe jino lamuuma. Tumemwita binti mwenye nuna, kumbe amefiwa. Wahenga wamesema hujafa hujaumbika.

Maalim alikuwa na hofu ya pili, ambayo aliniambia usiku tukinywa kahawa. Alisikia ati mtu akikosa kutabasamu, furaha yenyewe hukauka moyoni. Jambo hili nalo limechunguzwa. Mwaka 2022 ilitoka kazi kubwa iliyoshirikisha watu 3,878 wa nchi 19, waliotakiwa waigize tabasamu kisha waeleze wanavyojisikia. Kuigiza tabasamu kuliongeza furaha, lakini kidogo tu. Nikamwambia: "Maalim, kisima chako hakiko usoni. Uso ni kata ya kutekea. Kata imevunjika, kisima kipo."

Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nitateka kwa nini?"

Nilimwambia jibu limo katika hadithi ile ile, ila sisi huishia kwenye jumla ya kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi. Haikuishia kwenye tabasamu. Imeendelea kutaja sadaka nyingine: kuamrisha mema na kukataza maovu, kumwelekeza aliyepotea njia, kumwongoza mwenye macho dhaifu, kuondoa jiwe na mwiba na mfupa barabarani, na kumimina maji ya ndoo yako katika ndoo ya mwenzio. Hazikutajwa hizo za ulimi na za mkono bure. Aliyefungiwa mlango mmoja amewekewa mingine katika ukuta ule ule.

Na hapa pia wataalamu wameshuhudia. Wako watu wanaozaliwa na nyuso zisizotikisika kabisa, maradhi yaitwayo Moebius. Waliowachunguza wameona kwamba wengi wao hujifunza kuyapeleka yote kwenye sauti, kwenye maneno na kwenye mikono, na anayewasikiliza vizuri huwaelewa. Kile ambacho uso umeshindwa kukitoa, koo hukitoa.

Asubuhi yake Maalim alivua kilemba akarudi mbele ya duka. Mtu akija, kabla hajafika, humpigia "Mulembe!" ya furaha kwa lugha ya mkewe, au "Salaam aleikum" kwa mwenye kofia, kisha humtajia mama yake na watoto wake mmoja mmoja. Watoto wa chuoni aliwaita akawaambia wazi: "Mshipa wa Maalim umelala. Njooni mwone." Wakaja wakagusa shavu, hofu ikawatoka. Yule mtoto aliyelia akawa ndiye mshika chupa ya dawa ya matone kila baada ya alasiri. Kumbe sadaka ilikuwa imegeuka: siku hizo aliyetoa ni mtoto, na aliyepokea ni mwalimu.

Kadiri ya miezi minne baadaye uso ulirudi, ingawa si wote. Pembe ya kushoto ya mdomo hubaki nyuma kidogo akicheka, na huenda itakuwa hivyo siku zote. Mkewe asema sasa ana tabasamu la kutafutwa, na la kutafutwa ni ghali zaidi.

Mimi nilipokuwa njiani kurejea Pwani nilizifikiri sehemu mbili za Kurani. Katika Sura ya An-Naml, aya ya 19, Nabii Suleiman alitabasamu kwa maneno ya chungu, kiumbe kisichoweza kumlipa chochote. Na iko Sura ya 80, Abasa, ambayo jina lake lenyewe ni kukunja uso. Na aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu. Kipofu hauoni uso. Hata hivyo jambo hilo lilishukiwa aya. Nikafahamu kwamba uso hauhesabiwi kwa kuonekana kwake tu, bali kwa nia iliyo nyuma yake. Ikiwa kumkunjia uso asiyeona kumehesabiwa, basi kumkunjulia moyo mtu kwa uso usiotii hakuwezi kupotea.

Nilimwandikia Maalim beti moja, nami nawapa nyinyi pia:

Tabasamu ni sadaka, tuliambiwa chuoni,
Na uso ukifungika, kuna ulimi kinywani,
Salamu ukitamka, huteremka moyoni,
Mtoaji hana shaka, hutoa cha mkononi.

Basi wewe uliyepewa uso mzima, utoe kila asubuhi, kwa jirani, kwa mchuuzi, kwa mwombaji mlangoni, na kwa mkeo, ambaye aghalabu ndiye wa mwisho kugawiwa. Na ukikutana na uso uliofungika, usiusome haraka. Mpe mwenyewe muda, umdhanie mema. Hiyo nayo ni sadaka, na huenda ndiyo iliyo nzito zaidi katika mizani. Wallahu aalam.